Nathdwara na foleni niliyoikimbia

Najua nimepotea karibu wiki tatu, mniwie radhi. Kwanza majaribio yalitubana, halafu uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukaingia katikati, halafu ikaja semina ya Siasa, na hiyo semina ndiyo imenikalisha macho saa hizi, saa saba kasoro usiku, wenzangu chumbani wanakoroma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kundi lichukue jimbo moja la uchaguzi, popote duniani ila siyo hapa nyumbani (mhadhiri anasema tukichukua la nyumbani tutageuza semina kuwa kijiwe cha kahawa), tufuatilie nani alishinda lini na kwa nini. Sisi tukaangukia India. Na siyo bunge lao la taifa, ni haya mabunge ya majimbo ya shirikisho. Hapo Kiswahili kinatuchanganya kidogo, maana kuna jimbo ndani ya jimbo. Basi lile kubwa nitaliita kwa jina lake, Rajasthan, na neno jimbo nitalibakiza kwa lile dogo.

Rajasthan ina bunge lake lenye viti 200. Kimojawapo ni cha Nathdwara, mji mdogo usiofika kilomita 50 kutoka Udaipur. Ni mji wa mahujaji. Watu wanatoka mbali kwenda kwenye hekalu la Shrinathji, yaani Krishna katika umbo la mtoto, na sanamu yake ipo pale tangu karne ya 17. Ukisikia jina la mji ule popote India, kitu cha kwanza ni hekalu. Cha pili, kwa wapenzi wa siasa, ni kura moja.

Mhusika mkuu ni C. P. Joshi wa chama cha Congress. Kabla ya siasa kumchukua moja kwa moja alikuwa mwalimu wa saikolojia chuo kikuu, na sisi wa Elimu tuliosota na saikolojia mwaka wa kwanza tulipofika hapo tukapeana mikono. Nathdwara ilimpeleka bungeni mwaka 1980, ikamrudisha 1985, akakaa nje kipindi, ikamrudisha tena 1998 na 2003. Kwa hiyo ulipofika uchaguzi wa Desemba 2008 huyu bwana hakuwa mgeni anayebisha hodi. Alikuwa mwenyekiti wa chama chake Rajasthan nzima, na jina lake lilikuwa linatajwa kwenye kiti cha waziri mkuu wa Rajasthan endapo Congress ingeshinda.

Na Congress ikashinda! Ilipata viti 96, BJP iliyokuwa madarakani ikashuka mpaka 78. Yaani chama kinasherehekea, ila mwenyekiti wake huko kwao hesabu imesoma hivi: Kalyan Singh Chauhan wa BJP kura 62,216, C. P. Joshi kura 62,215.

Nilirudia kusoma hizo namba nikidhani nimeruka tarakimu. Watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini na nne wamewapigia hawa wawili tu, na kilichowatenganisha ni mtu mmoja. Uwaziri mkuu akaupata Ashok Gehlot. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Joshi angeupewa, lakini bila kiti cha ubunge hata kwenye mazungumzo hakuwemo.

Hapo ndipo magazeti yalipoanza kutafuta kura iliyopotea. Ikaandikwa kwamba mke wake hakupiga kura siku ile, eti alikuwa amekwenda hekaluni. Wengine wakaongeza mama yake, wengine na dereva. Ile hadithi imekaa mpaka leo, kila uchaguzi ukikaribia India lazima utaikuta mahali. Kuna na ndugu yake wa Karnataka mwaka 2004, jimbo la Santhemarahalli: A. R. Krishnamurthy kura 40,751, R. Dhruvanarayana kura 40,752. Huko naye ilisemwa dereva wa mgombea alinyimwa muda wa kwenda kupiga. Ukiangalia, lawama imetua kwa mke na dereva, watu wa karibu ambao majina yao yanajulikana. Wale maelfu wa Nathdwara waliobaki nyumbani siku ile hakuna aliyewauliza kitu, na yeyote kati yao angetosha kuleta sare. (Sare kwao huamuliwa kwa bahati nasibu, sheria inasema hivyo, msicheke.)

Mahakamani nako nilijifunza kitu. Joshi hakukubali, akafungua kesi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, ambayo ilitoa uamuzi kuhusu sehemu yake Januari 2011. Ugomvi ulikuwa kwenye kura za aina ambayo sikuwahi kuisikia. Unafika kituoni na kitambulisho chako, unaambiwa mtu keshapiga kwa jina lako. Wakikuhoji wakaridhika kwamba wewe ndiye mwenyewe, hurudishwi nyumbani. Unapewa karatasi badala ya ile mashine, unaweka alama, inafungwa kwenye bahasha, na siku ya kuhesabu haifunguliwi. Inakaa pale ikimsubiri jaji. Sehemu nyingine zile bahasha zinaozea stoo. Kwenye jimbo lililoamuliwa kwa kura moja, bahasha chache namna hiyo ni mali.

Haya, na baada ya hapo? Mwaka 2009 Joshi akagombea bunge la taifa kupitia Bhilwara, akashinda, akaingizwa kwenye baraza la mawaziri kule Delhi. Yaani kura moja ilimzuia kuwa mbunge wa Nathdwara, miezi michache baadaye ni waziri wa maendeleo vijijini wa nchi nzima. Nathdwara yenyewe ikabaki na Chauhan, aliyeshinda tena 2013, na akafariki mwanzoni mwa 2018 akiwa bado mbunge. Mwishoni mwa mwaka huo Joshi akarudi kwao, akashinda kwa kura 16,940, akawa Spika. Ndiye aliyetuma zile barua za Julai 2020 kwa Sachin Pilot na wenzake 18, wajieleze kwa nini wasivuliwe ubunge. Halafu 2023 jimbo likampiga tena chini. Aliyemtoa ni Vishvaraj Singh Mewar wa BJP, mtu wa ukoo wa kifalme wa Mewar, tofauti kura 7,504. Kwenye semina tulibishana sana hapo kama ni ukoo, chama au watu kuchoka. Mimi nilisema watu wa Nathdwara hawajawahi kuwa wa mtu, ukiangalia orodha tangu 1980 wanampa na wanamnyang'anya yuleyule. Mhadhiri akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au hapana. Alama tumepata nzuri tu.

Sasa kinachonikosesha usingizi.

Nina jamaa yangu tumelala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Hapa tumwite Mheshimiwa, maana ndivyo tulivyomwita kipindi chote cha kampeni. Aligombea uwakilishi wa kitivo. Nilimbandikia mabango usiku, nikamkopesha shati langu jeupe siku ya mdahalo, nikamsahihishia hotuba. Siku ya kupiga kura nikafika pale saa saba mchana, foleni imezunguka jengo, jua la kuchoma, sijala tangu jana yake. Nikasema nitarudi saa tisa. Nikala chipsi, nikajilaza kidogo, nikaamka saa kumi na moja na nusu.

Alipoingia chumbani akauliza, "Vipi, ulipiga?" Nikajibu, "Nimepiga bwana, mapema tu." Jibu lilitoka lenyewe, hata sikulipanga.

Akashindwa kwa kura mbili.

Mbili siyo moja, najua. Ningepiga angeshindwa kwa moja. Nimeshajiambia hivyo mara nyingi, ila wa kitanda cha juu naye hakwenda, alikuwa mjini, na alinikiri mimi peke yangu. Mimi na yeye ni wawili. Na mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya Kidato cha Pili, kipindi cha Uraia, nikaandika ubaoni kwa chaki kubwa "Kila kura ina thamani" nikawaambia wanakili.

Juzi kwenye semina, mimi ndiye niliyepewa sehemu ya kueleza ile Desemba 2008. Mheshimiwa alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilipofika kwenye mke aliyekwenda hekaluni darasa zima likacheka, yeye akacheka kuliko wote, halafu tukiwa tunatoka akanishika bega akasema, "Afadhali mimi, chumba chetu chote mlinipigia."

Nikanyamaza.

Huwa anasoma hapa, tena wa kwanza kabla ya kwenda darasani. Mheshimiwa, kesho sina kipindi mpaka saa nane. Nitakuwa chumbani.