Maneno ya Meatu yalivyofika Mbagala

Wadau, kuna hotuba zinaishia uwanjani, na kuna nyingine zinahamia vyumbani mwa watu.

Septemba 2018, nikiwa bado mwanafunzi pale Mlimani, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wa Meatu, mkoani Simiyu, waachane na uzazi wa mpango. Kwa maelezo yake, wanaoutumia ni wavivu wasiotaka kufanya kazi ili walishe familia kubwa. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ikaliandikia shirika la FHI 360 lisitishe matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye runinga. Julai 2019, akiwa Chato, Rais akarudia hoja yake: watu wengi ndio uchumi.

Tuwe wakweli, huduma haikufungwa. Zahanati za serikali ziliendelea kuitoa, tena bure. Ndiyo maana mpaka leo kuna wanaoniuliza: sasa tatizo liko wapi?

Nilikutana nalo Mbagala, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mama mmoja, simtaji na mtaa wake nauficha, watoto watano, muuza samaki wa kukaanga. Mumewe alimkataza. Kwa nini? "Anasema Rais ameshasema." Basi. Hakuleta aya, hakuleta hoja ya daktari.

Akachagua sindano ya miezi mitatu, maana kijiti mume angekipapasa mkononi. Kadi ya kliniki ilikaa kwa jirani, ndani ya kopo la unga. Siku ya sindano alitoka na ndoo yake kama anayekwenda kununua samaki. Kisha siku zake zikavurugika, akaogopa kwamba kizazi kimeharibika. Kuvurugika kwa siku ni jambo la kawaida kwa sindano, na nesi angemweleza kwa dakika mbili. Lakini angeaga vipi nyumbani wakati tarehe haijafika? Na redio ambayo ingemwambia palepale jikoni ilikuwa imenyamazishwa. Sindano ya tatu hakwenda. Nilipomtafuta tena alikuwa na mimba ya sita.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa. Ule wa 2022 ukakuta 31. Sisemi ni hotuba peke yake, wapo na wanaoogopa sindano bila kuambiwa na mtu. Ila miaka yote hiyo, hatua hata moja?

Magufuli alifariki Machi 2021. Juzi kijiweni Mwananyamala jamaa mmoja, baba wa watoto wanne, bado ananinukulia Meatu neno kwa neno. Nikamuuliza daftari za watoto wanne zinagharimu shilingi ngapi kwa muhula.

"Aah, hilo muulize mama yao."