Nani Alizomea Newport? Hadhira, Kanda na Ushahidi wa Utendaji

Wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji. Kauli hii tumeikariri madarasani na katika tasnifu hata imekuwa kama dua iombwayo kabla ya chakula: kila mtu huitamka, wachache huyatafakari maneno yake. Lakini maadamu hadhira ni sehemu ya utendaji, basi mhakiki anayeueleza utendaji fulani hana budi kutuambia hadhira hiyo ilifanya nini, ilifanya kwa sababu gani, na yeye mwenyewe amejuaje. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mintarafu ya suala hili, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa uzamili mfano unaotoka mbali na pwani yetu na mbali na mada za kawaida za idara: ugomvi wa mashabiki juu ya nyimbo tatu zilizoimbwa nchini Marekani mwaka 1965.

Usiku wa Jumapili, tarehe 25 Julai mwaka huo, Bob Dylan alipanda jukwaani katika Tamasha la Nyimbo za Kijadi la Newport, jimboni Rhode Island, akiwa na gitaa la umeme mkononi na bendi ya roki nyuma yake. Alikuwa na umri wa miaka 24. Bendi yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Mike Bloomfield aliyepiga gitaa, Jerome Arnold wa gitaa la besi na Sam Lay wa ngoma walitoka katika bendi ya Paul Butterfield ya Chicago. Al Kooper na Barry Goldberg walikuwa kwenye vinanda. Walikuwa wamefanya mazoezi ya usiku mmoja tu. Wakaimba "Maggie's Farm", "Like a Rolling Stone", na wimbo wa tatu ambao tunaujua leo kwa jina la "It Takes a Lot to Laugh, It Takes a Train to Cry", kisha wakaondoka. Kukazuka kelele. Peter Yarrow, aliyekuwa mshereheshaji, alimbembeleza arudi. Dylan akarudi peke yake na gitaa la kawaida, akaimba nyimbo mbili, akaenda zake. Hayo hayana mgogoro. Mgogoro uko kwenye zile kelele.

Masimulizi yaliyotawala kwa miongo mingi ni kwamba hadhira ilimzomea Dylan kwa kuwa aliusaliti muziki wa kijadi. Ni masimulizi matamu, na utamu wake unapaswa kututia shaka: yana shujaa, yana umati usiofahamu, na yana wakati ujao unaokuja kumpa shujaa haki yake. Al Kooper, ambaye alikuwa jukwaani, ameshikilia kwamba watu waliudhiwa na ufupi wa onyesho. Mtu amesafiri, amekaa juani siku kadhaa akimngoja msanii mmoja, naye msanii anaimba nyimbo tatu na kutoweka. Asizomee kwa nini? Bruce Jackson, mtaalamu wa nyimbo za kijadi aliyekuwa miongoni mwa wakurugenzi wa taasisi ya tamasha hilo, aliirudia kanda iliyorekodiwa jukwaani akaandika kwamba kuzomea kunakosikika humo kunayafuata maneno ya Yarrow, wala hakumfuati Dylan. Pete Seeger naye, mzee wa tamasha na mtu aliyempenda Dylan kama mwanawe, alieleza baadaye kwamba kilichomtia hasira ni uharibifu wa sauti: maneno hayakusikika. Alisema angekuwa na shoka angeukata waya.

Wako pia wanaosema hapakuwa na kuzomea kwa maana, kwamba walishangilia. Elijah Wald, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu usiku huo, amezikusanya shuhuda za waliokuwepo, na msomaji anashangaa kuona watu waliokuwa katika uwanja mmoja, saa moja, wakikumbuka mambo mawili yasiyoweza kukaa chungu kimoja. Mmoja hakusikia ila kuzomea. Mwenziwe hakusikia ila shangwe.

Wanafunzi wangu aghalabu hukimbilia kusema kwamba kumbukumbu ni dhaifu. Hilo ni kweli, lakini ni jibu la mtu mvivu. Ukiufikiria uwanja wenyewe utaona njia nyingine. Waliokaa karibu na jukwaa walipigwa na ngoma na magitaa moja kwa moja, sauti ya mwimbaji ikazama. Waliokaa nyuma walisikia kile kilichotoka kwenye vipaza sauti vya tamasha, vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya mtu mmoja na gitaa lake. Basi huenda hapakuwa na utendaji mmoja Newport usiku ule. Palikuwa na tendi kadhaa kwa kadiri ya viti, na kila shahidi anasema kweli juu ya ule aliousikia yeye. Nadharia zetu huzungumzia hadhira kwa umoja, kana kwamba watu maelfu wana sikio moja.

Nionavyo mimi, hoja ya kwamba watu walishtushwa na umeme wenyewe ndiyo dhaifu kuliko zote. Santuri ya Dylan iliyotoka mwezi Machi mwaka huo huo ilikuwa na upande mzima wa nyimbo zilizopigwa na bendi. "Like a Rolling Stone" ilikuwa imetolewa tarehe 20 Julai, siku tano kabla. Fauka ya hayo, bendi ya Butterfield yenyewe ilikuwa imekwisha kupiga katika tamasha lilo hilo siku ya Jumamosi, na magitaa yake yote ya umeme.

Kisa cha Jumamosi hiyo kinastahili kusimuliwa. Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za kijadi, ndiye aliyewatambulisha vijana wa Butterfield, na akawatambulisha kwa namna ya kebehi. Albert Grossman, meneja wa Dylan, alipomkabili, wazee hao wawili wakakamatana wakagaagaa mavumbini mbele za watu. Kichekesho kina uzito wake. Lomax huyu ndiye aliyekwenda Mississippi mwaka 1941 akamrekodi mkulima kijana aitwaye Muddy Waters katika shamba la Stovall, akiwa na gitaa la kawaida. Miaka miwili baadaye Muddy Waters alihamia Chicago kama walivyohama Wamarekani Weusi wengi wa Kusini. Mjini humo kelele za vilabu zilimlazimisha kushika gitaa la umeme, na bluzi ya umeme ikazaliwa mikononi mwake na mwa wenzake. Sam Lay na Jerome Arnold, wawili kati ya waliosimama na Dylan, walikuwa wamempigia Howlin' Wolf, gwiji mwingine wa bluzi hiyo. Kwa hiyo yule aliyesema kwamba umeme si jadi alikuwa akiichukua jadi ya watu kuigandisha pale alipoikuta na mashine yake ya kurekodia. Mkusanyaji huihifadhi jadi, naam, lakini pia huitia tarehe, na tarehe hiyo baadaye hugeuka sheria.

Hata hivyo sikubaliani na mashabiki wanaowacheka wazomeaji. Mwaka 1963, katika tamasha lilo hilo, onyesho lilifungwa kwa Dylan, Joan Baez, Seeger na wengine kusimama pamoja wakiimba wimbo mkuu wa harakati za haki za raia. Mwezi Novemba 1964 Irwin Silber, mhariri wa jarida la Sing Out!, alimwandikia Dylan barua ya wazi akilalamika kwamba nyimbo zake zimeanza kumwangalia yeye mwenyewe na kuwasahau watu. Siku tatu baada ya usiku ule wa Newport, Rais Johnson alitangaza kwamba majeshi ya Marekani nchini Vietnam yangeongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000. Mtu aliyekuwa na umri wa kuitwa jeshini, akaenda Newport kumsikiliza msanii ambaye maneno yake yalikuwa kama silaha, kisha akashindwa kuyasikia maneno hayo kwa sababu ya magitaa, ana haki ya kupiga kelele. Hasira yake si ya ushamba. Anadai kitu alichokihesabu kuwa chake, na sijui ni nadharia gani ya fasihi simulizi, kati ya zile tunazozifundisha, inayoweza kumnyima dai hilo.

Msomaji wa jarida hili bila shaka amekwisha kuukumbuka mgogoro wetu wa ushairi: Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954, Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, na wino mwingi uliomwagika baadaye. Ulinganisho huo ni wa kweli kwa kiasi, lakini unachosha haraka. Wanajadi wetu na wapinzani wao walijibizana magazetini na vitabuni, kila mtu kwa jina lake na sahihi yake. Newport hakuna aliyetia sahihi. Mzomeaji ni sauti gizani.

Mfano ulio karibu zaidi nauona katika taarab. Aliyehudhuria anajua jinsi mwanamke anavyoinuka kitini mwake wakati wa ubeti fulani, akaenda polepole hadi mbele, akamtuza mwimbaji huku amemgeukia mtu mwingine kabisa ukumbini. Fedha zinamwendea mwimbaji. Ujumbe unamwendea mke mwenza, au jirani, au yule aliyesema maneno juzi kisimani. Ukiisikiliza kanda ya usiku huo utasikia vigelegele, na utaandika katika daftari lako kwamba hadhira iliufurahia wimbo. Utakuwa hukuelewa kitu. Vivyo hivyo kuzomea kwa Newport: yaweza kuwa wengine waliwazomea mafundi mitambo, wengine Yarrow, wengine Dylan, na wengine waliwazomea wazomeaji. Sauti ya hadhira haina anwani, na mhakiki asiyekuwepo huipa anwani anayoitaka.

Na zikikosa anwani, sauti husafiri. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza, mtu mmoja alimwita Dylan Yuda kwa sauti kuu, na hilo limo kwenye kanda bila shaka yoyote. Kanda hiyo ilizungushwa kinyemela kwa miaka mingi ikidaiwa kuwa ya Royal Albert Hall ya London, hata ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Sasa filamu ya James Mangold ya mwaka 2024, A Complete Unknown, imelichukua neno hilo la Manchester na kulitia vinywani mwa watu wa Newport. Baadhi ya mashabiki walikasirika na kuuita uwongo. Mimi nilifurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi tuifanyayo kila siku tunapoeleza jinsi kijembe cha mji huu kinavyohamia mji ule na ushujaa wa huyu unavyovikwa yule. Shoka la Seeger nalo limepitia njia hiyo: lilianza kama shoka la maneno, la mtu kutamani kuwa nalo, na katika vinywa vya wasimuliaji wa baadaye likawa shoka la chuma mkononi mwake, yeye akiwa mbioni kuelekea kwenye waya. Tofauti na visasili vyetu ni kwamba hapa tunazo tarehe, tunaweza kuuona uzushi ukikua mwaka hadi mwaka. Liyongo hakutuachia kanda.

Lakini je, kanda yenyewe inasema nini? Kanda ya Newport ilirekodiwa kwa maikrofoni zilizomwelekea mwimbaji. Filamu ya Murray Lerner, Festival, ya mwaka 1967, na ile aliyoitoa mwaka 2007, The Other Side of the Mirror, zinatuonyesha uso wa Dylan kwa ukaribu unaotisha. Hadhira ni ngurumo ya mbali ambayo mmoja anaisikia kuwa chuki na mwingine kuwa hamu. Nimewasikilizisha wanafunzi wa miaka tofauti kanda moja, nao wamegawanyika kila mwaka.

Nasema haya kwa sababu ya makabati yetu. Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi nilizozisoma, mtafiti alikwenda nyanjani, akaweka kinasasauti mbele ya fanani, akarudi na maneno yote ya fanani yaliyonukuliwa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Hadhira imo ndani ya mabano: wanacheka, wanapiga makofi, kimya. Nani alicheka? Alimcheka nani? Aliyenyamaza alinyamaza kwa heshima au kwa kuchoshwa? Baadaye, katika sura ya nne, mtafiti huyo huyo anatuambia bila haya kwamba hadhira iliupokea utendaji vizuri. Waamerika walau wamegombania kelele zao kwa miaka 60. Sisi tumezifuta kabla mtu hajapata nafasi ya kuzigombania, na wengi wa waliozipiga wamekwisha kufa. Vifaa si udhuru tena. Simu ya mwanafunzi yeyote inaweza kuwekwa nyuma ya ukumbi ikirekodi upande wa watu. Nimeanza kudai kanda mbili kwa kila utendaji, moja ya mbele na moja ya nyuma, pamoja na orodha ya waliokaa wapi. Wenzangu katika vikao vya idara wameliona sharti hilo kuwa ni udhia mtupu, na wanafunzi wamelalamika kwamba wanahudhuria arusi kama makarani wa sensa.

Kuna jambo moja katika kanda ya Newport ambalo bado linanishughulisha. Dylan aliporudi peke yake aligundua kwamba hana harmonika ya sauti aliyoihitaji kwa "Mr. Tambourine Man", akawaomba watu kama kuna aliye nayo amrushie. Wakamrushia, si moja. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama waliozirusha ni wale wale waliokuwa wakizomea dakika chache kabla. Nilimwambia arudie kusikiliza. Alirudi baada ya juma moja akasema amezisikia zikianguka jukwaani, lakini hakuweza kutambua zilitoka upande gani.