Akina Mama, Kitabu na Makumbusho: Safari ya Songea, Mbinga na Ziwa Nyasa

Mama msomaji, neno makumbusho huwatisha wengi wetu. Tunadhani ni nyumba ya wasomi na watalii, mahali pa kutazama vitu vya kale kwa kunyamaza kisha kurudi nyumbani. Lakini neno lenyewe linatokana na kukumbuka, na katika nyumba ni nani anayekumbuka kuliko mama? Yeye ndiye anayejua mtoto yupi alizaliwa mwaka wa njaa, na chungu kile cha pembeni kililetwa na bibi yupi. Fuatana nami basi katika mkoa wa Ruvuma, kutoka Songea kupitia milima ya Mbinga hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tuone jinsi akina mama wanavyoweza kukikutanisha kitabu na makumbusho.

Kitabu kimoja, wasomaji kumi na mmoja

Kikundi chetu cha pale Mbinga kina akina mama kumi na mmoja. Yumo mwalimu mstaafu, wamo wawili wanaouza dagaa sokoni, yumo mkunga, na wengine ni wakulima wa kahawa na maharage. Hukutana Jumapili moja kwa mwezi, alasiri, vyombo vikiisha kuoshwa. Wawili hawajui kusoma vizuri, kwa hiyo tunasoma kwa sauti, kwa zamu, na anayesikiliza ana haki ya kusema sawa na anayesoma. Nakala zilikuwa mbili tu. Hilo halikutuzuia.

Tulichagua tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu mganga wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, aliyewapa watu maji na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Katika tamthilia hiyo watu wanaungana, wanapigana, na wanakufa. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa akane maneno yake, naye anakataa.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja alisema kwamba kiongozi anayewaongoza watu kwa jambo lisilo kweli ana damu mikononi. Mwingine akajibu kwamba watu walikuwa wanapigwa viboko mashambani na kutozwa kodi wasiyoiweza, wangepigana hata bila maji. Jua likazama hatujaafikiana. Mwalimu wetu akasema, “Jamani, vita hivi vilifika hapa kwetu. Twendeni tukaone.”

Mahenge, Songea

Kutoka Mbinga hadi Songea ni kama kilometa 100, na siku hizi barabara ni ya lami. Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yapo eneo la Mahenge, mjini. Usitarajie jumba kubwa. Utaona sanamu za viongozi wa Kingoni, picha, silaha za wakati ule, na kaburi la pamoja. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 kwa siku moja, wakawazika pamoja. Baadhi yao walibatizwa muda mfupi kabla ya kunyongwa. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, watu hukusanyika mahali hapo kuwakumbuka.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, ana kaburi la peke yake. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, nao wamekuwa wakikitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wajukuu na vitukuu wa mashujaa, akaomba radhi kwa yaliyotendwa. Ni jambo kubwa kusikia radhi baada ya zaidi ya miaka mia. Lakini mama yeyote aliyewahi kufiwa anajua kwamba msiba haufungwi kama maziko hayajakamilika. Tulisimama pale kaburini muda mrefu, na hakuna aliyeharakisha mwenzake.

Kisha tukaelezwa habari za Nkomanile. Huyu alikuwa mwanamke, tena mtawala wa Kitanda, na ndiye aliyempokea Kinjala, mjumbe aliyeleta maji katika nchi ya Wangoni. Naye aliuawa na Wajerumani mwaka 1906. Kati ya majina yote tuliyosikia siku ile, hilo ndilo akina mama waliloondoka nalo.

Na wako wengine ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vita vya Majimaji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, lakini waliokufa kwa risasi ni wachache kuliko waliokufa kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Ghala likichomwa, anayeulizwa chakula na watoto ni nani? Mkunga wetu alisema, “Hii ndiyo sehemu ya vita isiyopewa sanamu.”

Ili tusisahau upande mwingine, mwalimu alitukumbusha pia watawa wawili Wabenedikto, Felisitas na Kordula, waliouawa pamoja na Askofu Cassian Spiss na mabruda wawili mnamo Agosti 1905, wakiwa njiani kwenda Peramiho. Nao walikuwa mabinti wa watu.

Shujaa wa nani?

Tulipokutana tena Mbinga baada ya safari, bibi mmoja, Mmatengo, ambaye siku zote husikiliza tu, aliomba kusema. “Wanangu,” alisema, “nimefurahi kuwaona hao mashujaa. Lakini mimi nikiwa mtoto, nyanya yangu alinihadithia jinsi watu wetu walivyojificha mapangoni. Hawakuwa wakimkimbia Mjerumani. Walikuwa wakimkimbia Mngoni.”

Kimya kikatanda, maana kati yetu wamo Wangoni watatu.

Alichosema bibi ni kweli ya historia. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na kufikia miaka ya 1860 walikuwa wamejenga himaya katika nchi ya Songea. Waliteka watu na mifugo ya majirani. Wamatengo walikimbilia milimani, na mapango ya Litembo yanakumbukwa hadi leo kuwa maficho yao. Kwa hiyo shujaa wa nyumba moja aliwahi kuwa tishio la nyumba ya pili.

Tufanye nini na jambo kama hilo? Yawezekana kulinyamazia, ili amani idumu. Lakini mmoja wa wale Wangoni, mama wa watoto wanne aliyeolewa na Mmatengo, alisema maneno yaliyotusaidia wote. Alisema watoto wake wana damu ya pande zote mbili, na iwapo hatawaeleza habari zote mbili, watasikia nusu tu, tena kutoka kwa mtu mwenye hasira. Akaahidi kuwapeleka Mahenge, halafu Litembo. Bibi akamshika mkono akamwambia, “Ukienda Litembo unipitie, mwanangu, twende pamoja.”

Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida ya kusoma pamoja. Kitabu kilianzisha mazungumzo, makumbusho yakayapa mahali, na kikundi kikayapa usalama wa kuyamaliza.

Kazi ya mikono mlimani

Milima ya Matengo yenyewe inafaa kutazamwa kwa jicho la mgeni. Utaona miteremko mikali iliyojaa mashimo ya mraba, yamepangwa kama sega la nyuki. Hii ni ngoro, kilimo ambacho Wamatengo wamekitumia kwa zaidi ya miaka mia. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatana, kufanya miraba yenye upana wa kama meta moja na nusu. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa jembe. Matuta yanabaki juu, shimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuuporomosha udongo bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza, na msimu unaofuata mahindi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walikuja kuyachunguza mashimo haya katika miaka ya 1990, wakayasifu. Lakini angalia, mama: kahawa, iliyoanza kuenea hapa katika miaka ya 1920, kwa kawaida ina jina la baba. Ngoro inalisha nyumba, na kazi yake kubwa inafanywa na mama. Lau kama jembe la mama wa Kimatengo lingewekwa ndani ya kabati la kioo, watu wangesafiri kuja kuliona.

Ufukweni

Kutoka Mbinga barabara inateremka kama kilometa 66 hadi Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya ya Nyasa. Kona ni nyingi, na ghafula ziwa linatokea chini yako, la buluu, na ng'ambo yake Malawi. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban meta 700 na ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika. Ufukweni akina mama huanika usipa, na harufu yake hukufikia kabla hujawaona.

Kaskazini ya Mbamba Bay ipo Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa majini, jiwe la Pomonda, linalofanana na sanamu ya kale ya Misri. Hapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wawili hao walikuwa marafiki, na yule Mjerumani hakuwa hata amepata habari kwamba vita vimeanza.

Vita hivyo viliacha kumbukumbu nyingine isiyokaa kabatini. Ngoma ya mganda, ichezwayo na wanaume wa mwambao, iliiga gwaride na bendi za askari wa wakati ule. Wanawake nao wana ngoma yao, kioda, na huicheza kwa mavazi ya sare na hatua za mpango. Ukibahatika kufika siku ya sherehe, usiangalie miguu tu. Sikiliza nyimbo, maana humo akina mama husema yale yasiyosemwa mezani.

Na ukiendelea kaskazini zaidi, nje ya mkoa wa Ruvuma, utawakuta Wakisi, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri. Vyungu vyao vyembamba, vilivyopambwa kwa udongo mwekundu na mweupe, husafirishwa kwa mitumbwi hadi masokoni. Ng'ambo, nchini Malawi, misheni ya Mua ina kituo cha sanaa kiitwacho Kungoni, kilichoanzishwa mwaka 1976, chenye makumbusho yanayoonyesha mila za Wachewa, Wangoni na Wayao. Misheni moja iliweza. Parokia na mitaa yetu je?

Maonyesho ya meza moja

Sisi tulijaribu. Hatukuwa na fedha wala jengo. Tulipata meza ya ukumbi, tukaitandika khanga, na kila mama akaleta kitu kimoja cha nyumbani kilichofanywa kwa mkono: mkeka, chungu, ungo, nyengo ya marehemu baba, shuka la mtoto lililotariziwa mwaka 1974. Kwenye kila kitu tuliweka karatasi ndogo yenye majibu ya maswali manne: Nani alikitengeneza? Lini? Kwa nini? Nani amekitunza tangu hapo?

Swali la kwanza ndilo lililotutesa. Vitu vitano kati ya kumi na moja havikupata jina la mtengenezaji. Mmoja alilazimika kusafiri hadi Lituhi kumuuliza shangazi yake mzee, akarudi na jina la bibi yake mzaa baba, ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia. Wiki tatu baadaye yule shangazi alifariki. Tungechelewa kidogo tu, lile karatasi lingebaki tupu.

Mama msomaji, kama unapenda kuanza, usingoje mfadhili. Kusanya wenzako watano. Chagueni kitabu kimoja kifupi, na kama hamna fedha ulizeni maktaba ya mkoa au shule ya jirani. Msizidishe saa moja na nusu, ili mwenye mume mkali na mwenye mtoto mchanga warudi mapema na waruhusiwe tena. Asomaye asimcheke asiyejua. Nendeni makumbusho yaliyo karibu angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na watoto, na kabla ya kwenda mpeni kila mtoto swali moja la kutafutia jibu.

Na leo jioni, kabla hata ya kikundi na kitabu, chukua karatasi uandike jina la aliyefinyanga chungu chako au kusuka mkeka wako. Kama hulijui, yupo mzee anayelijua. Mwendee wiki hii.