Likizo katika Nchi ya Mvua

Sisi tunaofanya kazi Ghardaïa, katika jangwa la Algeria, tumezoea kuhesabu maji. Huko mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Wenyeji wamechimba visima virefu katika mwamba, nao hugawana maji kwa mifereji midogo, kila bustani na fungu lake. Mtende usiponyweshwa hufa.

Basi likizo yetu tulikwenda kwa ndugu zetu wa Butembo, tukipitia Uganda na mpaka wa Kasindi. Siku ya kwanza, alasiri, mvua ilipiga mabati hata hatukusikizana. Tukakimbia kutega ndoo chini ya mchirizi. Mama mwenye nyumba alitucheka sana. “Wanangu, acheni tu. Kesho itanyesha tena.”

Ikanyesha kweli. Butembo i karibu na ikweta, lakini mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,700, na usiku tuliomba blanketi la pili. Vilima vyote vimelimwa: maharagwe, viazi, kabichi, kahawa. Matope yake mekundu hatukuyapenda, wala hatutasema uongo.

Kisha tuliteremkia Beni, mwendo wa kilomita 54 hivi, penye joto na michikichi. Asubuhi mawingu yalipofunguka tuliiona theluji ya Ruwenzori, na kilele chake cha Margherita chenye mita 5,109. Tulisahau chai ikapoa.

Mzee aliyetupokea ana shamba la kakao upande wa Oicha. Alituambia kwamba mavuno yameoza mitini. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wamewaua watu wengi sana katika vijiji na mashamba ya Beni, na shamba lake liko mbali na barabara. Udongo ule mweusi, ambao watu wa Ghardaïa wangeununua kwa kikapu, sasa umemezwa na majani.

Tulimpa tende tulizochukua safarini. Akala moja polepole, akauliza:

“Na huyo mwenye mtende, aweza kulala shambani mwake?”

“Ndiyo, baba. Wakati wa joto kali jamaa nzima huhamia bustanini, watoto na wazee, hulala huko miezi ile yote.”

“Bila mlinzi?”

“Bila mlinzi.”

Alinyamaza kitambo. Halafu akaifuta kokwa ya tende kwa kidole, akaitia mfukoni, akatuuliza hupandwa kina gani.