Kalamu Tano, Karatasi Moja: Tunavyochora Pamoja Kabla ya Kukata Kitambaa

Sisi ni mafundi cherehani watano. Tuna chumba kimoja cha kushonea hapa Usa River, karibu na barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Wawili kati yetu tunafunga Ramadhani, watatu tunakwenda kanisani Jumapili, na mmoja ni mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyetusukuma tuwaandikie. Wengi wetu tumeishia kidato cha nne, kisha tukasoma ushonaji, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa.

Leo tunataka kuwaeleza jambo moja tunalofanya kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tunachora pamoja, kimya kimya, karatasi ikizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Kila mwanamke mwenye biashara ya zaidi ya watu wawili anaijua hali hii. Mnakaa kupanga bidhaa mpya, anaongea mmoja. Ni yule mkubwa kwa umri, au mwenye cherehani zake, au aliyejaliwa sauti. Wengine wanaitikia, "Sawa, dada." Kikao kinaisha vizuri, chai inanywewa, na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Lakini mara nyingi kile anachokihitaji mteja kipo kichwani mwa yule aliyesema "sawa" na kunyamaza.

Aproni ya wakataji maua

Huku kwetu kuna mashamba ya maua, na wanawake wengi hufanya kazi kwenye grinihausi za waridi. Msimamizi wa shamba moja alikuja kutafuta fundi wa kushona aproni sitini za wakataji. Alitupa wiki moja tulete sampuli, na hakutuficha kwamba mafundi wengine wawili wameambiwa hivyohivyo. Sisi tulikuwa na kodi ya miezi miwili mbele yetu na mkopo wa vikoba tulionunulia mashine ya ovaloki. Aproni sitini zilikuwa kazi ya kuamua mengi.

Tulikata karatasi tano za kaki, zilezile tunazokatia vipimo. Kila mmoja akachukua kalamu ya rangi yake: nyeusi, buluu, nyekundu, kijani na ya risasi. Simu ikawekwa ilie kila baada ya dakika tano. Katika dakika tano za kwanza kila mtu alichora aproni anayoiona yeye. Simu ilipolia, karatasi ilikwenda kwa jirani wa kulia. Jirani aliutazama mchoro, akaongeza, akabadilisha, akaupa kwa mwingine. Ilipita hivyo mara nne, mpaka kila karatasi ikawa imeguswa na mikono mitano. Dakika ishirini na tano, bila mtu kusema neno.

Tuchukue karatasi moja tu muone. Fundi wetu mkubwa, kwa kalamu nyeusi, alichora aproni ya kawaida: mkanda shingoni, mfuko mmoja mpana tumboni. Wa pili akauondoa mkanda wa shingoni, akachora mikanda miwili inayopishana mgongoni, ili uzito ukae mabegani kama mama anavyofunga mbeleko. Wa tatu akaugawa ule mfuko mara mbili. Wa nne alikuwa binti anayejifunza kazi kwetu, mwenye kalamu ya kijani. Yeye aliutoa mfuko wa mkasi tumboni akauweka ubavuni, mwembamba na mrefu, akachora kitambaa cha pili chini yake, na kwenye pembe akaweka kitobo kidogo. Wa tano akarefusha kamba za kufungia ili hata mjamzito aivae mpaka mwezi wa mwisho.

Tulipozibandika karatasi ukutani, sote tulikiangalia kile kitobo cha kijani. Fundi mkubwa akauliza, "Mwanangu, hiki ni nini?"

Binti akajibu kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama. Ni cha maji." Kisha akaeleza. Kabla ya kuja kwetu alikata waridi misimu miwili. Mkataji huinama siku nzima, na mkasi ukiwa kwenye mfuko wa mbele ncha yake inamchoma tumbo. Ncha hiyohiyo hutoboa mfuko, ndiyo maana aliongeza kitambaa cha pili. Majani huwa na maji, yanatiririka mpaka mfukoni, mfuko unabaki umelowa hadi jioni.

Alikuwa nasi miezi mitano. Hakuwahi kuyasema hayo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza. Tulishona sampuli kwa mchoro ule, tukaipeleka, na kazi tukaipata.

Kwa nini kimya kinasaidia

Tulidhani jambo hili ni la kwetu tu, la adabu zetu za kumpisha mkubwa azungumze. Mdogo wake mmoja wetu, aliyesomea ufundi chuoni, ndiye aliyetueleza kwamba limechunguzwa mbali huko.

Huko Marekani palikuwa na mtu wa matangazo ya biashara, Alex Osborn, aliyewafundisha watu kukaa kikundi na kutupa mawazo kwa sauti, mengi kadiri iwezekanavyo, bila kukosoana. Ikaenea dunia nzima. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliijaribu. Walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa baadaye. Waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe, wakiwa Ujerumani, walionyesha sababu kubwa: kwenye mazungumzo anaongea mmoja kwa wakati, na wakati unasubiri zamu, wazo lako linapotea au unaliona halina maana tena.

Wajerumani walikuwa tayari wana dawa. Mwaka 1968 Bernd Rohrbach alipendekeza watu sita wakae mezani, kila mmoja aandike mawazo matatu kwa dakika tano, kisha karatasi izunguke. Baada ya nusu saa mezani kuna mawazo 108. Halafu mwaka 1993 Jami Shah wa Chuo Kikuu cha Arizona State alileta namna ya kuchora badala ya kuandika: watu watano, kila mmoja wazo moja, karatasi inapita mara nne. Anayepokea anaweza kuongeza na kubadilisha, ila hawezi kuufuta mchoro mzima wa mwenzake.

Hata hapa Arusha mwaka 2014 palifanyika mkutano wa IDDS, uliotokana na chuo cha MIT cha Marekani, ambapo watu wa vijijini na wabunifu waliotoka nje walikaa timu moja kutengeneza vifaa pamoja. Wazo lake ni hilohilo: mwenye shida na mwenye ufundi washike kalamu moja.

Na ninyi wa visiwani msione ni jambo la wageni. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza kwa wanawake wa pwani karne ya 19, walipochukua leso zilizokuja na biashara, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, zikawa vazi moja. Hatujui jina la mwanamke mmoja aliyeibuni. Huyu aliongeza, yule akapendezwa akaongeza lake, mpaka wafanyabiashara wakaanza kuchapisha kitambaa kizima kwa namna waliyoitaka wao.

Adabu na kalamu

Kuna faida moja ambayo hao watafiti hawakuitaja na sisi tunaiona kubwa. Kwetu, binti kumwambia mama mtu mzima "hapa pamekosewa" ni ukosefu wa adabu, hata kama ni kweli. Lakini mkono wa binti ukiongeza mstari kwenye mchoro wa mama, hajamjibu mama. Ameusaidia mchoro. Na mama akiiona karatasi ukutani, hapotezi heshima, maana mstari wake wa kwanza bado upo chini ya mingine yote.

Kuna jambo la pili, na hili ni la fedha. Kazi ya aproni ilipoingia, tulikaa kugawana. Binti wa kujifunza kwa kawaida hupewa chakula cha mchana na nauli. Baadhi yetu tulisema yatosha, ndiyo desturi, na sisi tulipojifunza hatukupewa hata nauli. Wengine tukanyoosha kidole ukutani. Mistari ya kijani ilikuwa pale, kila mtu anaiona. Kama ingekuwa maneno ya kikaoni, baada ya wiki mbili kila mmoja angeshakumbuka kwamba ni yeye aliyesema. Rangi haikutupa nafasi hiyo.

Tulikubaliana hivi: katika kila aproni, sehemu ndogo ya faida inawekwa kando kwa ajili ya ubunifu, na inagawanywa sawa kwa mikono yote iliyopita kwenye karatasi. Binti alipata fungu sawa na mwenye cherehani. Swali lililobaki ni kama siku atakapofungua duka lake ataruhusiwa kushona aproni ile. Wanne kati yetu tunasema ndiyo. Mmoja bado hajakubali, na tunamheshimu, kwa sababu ana watoto watatu shuleni na hofu yake si ya uongo.

Mchoro hauvaliwi

Tusiwadanganye kwamba karatasi inamaliza kila kitu. Sampuli ilipovaliwa na wakataji wenyewe, mmoja alikuwa wa shoto. Mfuko wa mkasi ulikuwa kulia. Mkono wake ulikuwa unavuka mwili mzima kuufikia. Hilo halikuonekana kwenye michoro mitano, lilionekana mwilini. Sasa mfuko ule unafungwa kwa vifungo, unahamishika upande wowote. Kwa hiyo chora, shona kimoja, kivalishe, kisha ndipo ukate vingi.

Vilevile kuna kazi zisizohitaji kikao cha kuchora. Mteja aliyekuja na picha ya gauni lake kwenye simu anataka gauni lile. Mshonee.

Ukitaka kuanza

1. Watu watatu mpaka sita wanatosha. Wakizidi, gawanyikeni meza mbili.

2. Mwalike angalau mmoja anayeitumia bidhaa, si anayeitengeneza tu. Kama ni mkoba wa sokoni, muite mama wa sokoni.

3. Andika shida kwa sentensi moja juu ya karatasi. Sisi tuliandika: "Mkataji anainama siku nzima na mkasi mkali." Hatukuandika "aproni nzuri", kwa sababu uzuri hauna pa kuanzia.

4. Asiyejua kuchora achore maboksi na mishale, aongeze neno moja au mawili. Mchoro mzuri sana una hasara yake: watu wanaogopa kuugusa.

5. Kila mtu rangi yake, na asibadilishe mpaka mwisho.

6. Kimya mpaka raundi zote ziishe. Maswali yaje karatasi zikiwa ukutani, na mkubwa azungumze wa mwisho. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

7. Chagueni kwa alama. Kila mmoja aweke nukta tatu penye sehemu anazozipenda, hata kama zipo karatasi tofauti. Bidhaa bora mara nyingi huunganishwa kutoka karatasi mbili au tatu.

8. Zitunzeni karatasi, zenye tarehe. Wazo lililokataliwa kwenye aproni linaweza kuja kuwa la mkoba.

Gharama yake ni karatasi ya kaki na kalamu. Muda wake ni mfupi kuliko kusubiri umeme urudi. Wanaopika keki pamoja, wanaopaka hina, wanaosuka ukili, wanaoshona kofia, wote wanaweza kuifanya. Ukiwa na msaidizi ambaye kila siku anasema "sawa, dada", mpe kalamu yenye rangi yake, kisha unyamaze kwa dakika tano.