Mkono Kwenye Tundu la Mlango

Tulipoletewa tikiti za kwenda Boston kumwona mjukuu wetu wa kwanza, tuliona kwamba tungekaa Dublin, mji mkuu wa Ireland, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri kungoja ndege nyingine. Tungeweza kujilaza kwenye viti vya uwanjani kama wafanyavyo wengi. Lakini watu wa umri wetu hawajui kama watapita tena njia ile. Tukaomba viza ya Ireland mapema, maana mwenye pasi ya Tanzania hatoki nje ya uwanja bila hiyo, kisha tukaandika kwenye karatasi mambo saba ya kuona.

Kuna jambo moja hatukuliandika. Tikiti zile hakuzituma mwanetu, alizituma mkewe. Mwanetu alikuwa na miaka mitatu hajasema nasi. Alitutumia fedha za kumjengea nyumba Kibaha, nasi tukazimalizia kwenye harusi ya mdogo wake, tukiamini tutazirudisha kabla hajajua. Alipokuja likizo alikuta msingi tu, umeota nyasi. Akatuuliza. Badala ya kuomba radhi, tulimkumbusha ni nani waliomsomesha. Aliondoka usiku uleule. Sisi tuliendelea kukaa benchi la mbele kanisani, na jumuiya ilipokutana kwetu tuliongoza sala ya kusameheana bila kigugumizi.

Siku ya safari tulijifunza kwamba muda wa msafiri hupungua upesi. Abiria wa Marekani hukaguliwa na maofisa wa uhamiaji wa Marekani hapohapo Dublin kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo ilitupasa kurudi uwanjani saa saba mchana. Mji uko umbali wa kilomita kama 10. Tulipopiga hesabu ndani ya basi, zile saa nane zilibaki mbili na nusu. Tukakata mambo manne kwenye karatasi kabla hata ya kuteremka.

Tulivuka mto Liffey katika manyunyu ya mvua, tukafika Chuo cha Trinity kuona Kitabu cha Kells, yaani Injili nne kwa Kilatini, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama yapata mwaka 800. Foleni ilikuwa ndefu na hatukuwa tumenunua tikiti. Tukalaumiana pale uani, mbele ya wanafunzi, nani alipaswa kuzinunua mapema. Kisha tukaondoka kimya, kila mmoja upande wake wa njia, mwendo wa kama dakika 20 hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick.

Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1191. Patrick mwenyewe hakuzaliwa Ireland. Alitekwa akiwa kijana wa miaka kama 16, akafanywa mtumwa wa kuchunga mifugo kwa miaka sita, hadi alipotoroka. Baadaye alirudi kwa hiari kuwahubiria watu walewale. Tulipokuwa tukiyawaza hayo, mmoja wetu akasema polepole, "Huyu ndiye aliyekosewa, na bado ndiye aliyerudi. Sisi tuliokosa tunangoja nini?"

Mwenzake hakujibu. Tukaendelea kutembea ndani ya kanisa mpaka tukakuta mlango mkuukuu wa mbao, umesimamishwa peke yake, una tundu katikati. Husimuliwa kwamba mwaka 1492 koo mbili kubwa, Butler na FitzGerald, zilipigana vibaya, na watu wa Butler wakakimbilia chumba cha baraza la kanisa wakajifungia. FitzGerald akawaita watoke wapatane. Wakakataa, wakihofu hila. Ndipo akaamuru mlango utobolewe, akapenyeza mkono wake ndani. Waliokuwa upande wa pili wangeweza kuukata kwa upanga. Waliushika, wakapatana.

Tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiomba Mungu aufungue moyo wa mwanetu, kana kwamba mlango ulikuwa wake peke yake. Hatukuwahi kupenyeza mkono, kwa sababu tulihofu ukikatwa tutaaibika.

Tulitoka tukaketi kwenye bustani iliyo kando ya kanisa. Ilikuwa saa sita mchana, na Boston saa moja asubuhi. Tulipiga ile namba ambayo kwa miaka mitatu tulikuwa tukiitazama tu. Mmoja wetu alishika simu, mwingine akaegemeza sikio. Alipopokea hatukueleza habari za harusi. Tulisema, "Mwanetu, tulikula fedha zako. Tulikukosea, kisha tukakusimanga. Tusamehe."

Kimya. Tulisikia mtoto akilia kwa mbali. Tukadhani amekata simu. Kisha akasema, "Shikamooni."

Tukaitikia marahaba kwa pamoja, sauti zikitukwama. Akauliza, "Mnafika saa ngapi?"

Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumdai neno hilo. Lakini alikuja uwanjani mwenyewe, akabeba mabegi yetu yote mawili. Tuliporudi nyumbani tuliuza shamba letu dogo, na leo ule msingi wa Kibaha una kuta zilizofika kwenye lenta. Deni bado lipo, tunalilipa.

Watu wakituuliza tuliona nini Ireland, jibu letu ni fupi: mlango mmoja. Kati ya mambo saba tuliyoandika, sita hatukuyaona, wala hatujutii. Wapendwa, muda tuliopewa hapa duniani nao ni wa kupita tu kati ya safari na safari. Kama kuna namba unayoitazama bila kuipiga, usingoje upande wa pili ufungue kwanza. Ipige leo.