Macho ya Mjukuu, Mikono ya Babu

Zamu ya kuandika ukurasa wa mwalimu imenifikia, nami nitaandika habari ya gari langu bovu. Msicheke. Habari hii inahusu Kiswahili kuliko mnavyodhani.

Gari lenyewe ni Lexus LS400 ya mwaka 1992. Injini yake ni nzima, na hapa Houston ndilo linalonipeleka hospitali saa moja jioni na kunirudisha saa moja asubuhi. Kwenye gari hizi kila mshale wa dashibodi una kijitaa chembamba cha mrija ndani yake, kwa hiyo mshale unawaka wenyewe. Unapendeza sana, lakini kijitaa kikizima, usiku huuoni kabisa. Ulianza kuzima mshale wa mafuta, ukafuata wa spidi. Nikawa naitegesha simu inionyeshe spidi barabara kuu. Gereji moja waliniambia nibadilishe dashibodi nzima, dola 700. Kwa gari la umri ule, nikaona heri niliuze kama chuma chakavu.

Mama wa mwanafunzi wetu mmoja akaniambia, "Mwalimu, mpelekee baba. Amekuwa fundi redio Tanga zaidi ya miaka 30." Kisha akapunguza sauti: "Tena utamchangamsha. Anataka kurudi nyumbani. Anasema hapa amekuwa kama kabati, watu wanampita tu."

Mjukuu wake wa miaka 13 yumo darasani kwangu. Ni mtoto mwenye adabu. Kila asubuhi humwambia Babu shikamoo, Babu humjibu marahaba, na maongezi yao ya siku yanaishia hapo. Kiswahili cha mtoto kinafika kwenye salamu na chakula. Kiingereza cha Babu kinafika kwenye asante. Wanapendana, ila hawana la kusemezana.

Jumamosi moja baada ya masomo nikalipeleka gari. Babu alimpa mjukuu spana akamwambia afungue betri, aanze na waya wa hasi. Mtoto akauliza kwa nini. Babu akamweleza: ukianza na chanya, spana ikagusa chuma cha gari, utaona cheche. Walipomaliza kuchomoa dashibodi wakailaza juu ya meza ya jikoni, juu ya gazeti.

Babu ana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Kwa kioo cha kukuzia aliona kwamba kapasita zimevuja. Kapasita ni vile vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye bodi. Alimweleza mjukuu hivi: "Nyumbani maji ya bomba huja na kukatika, ndiyo maana tuna pipa. Maji yakija pipa linajaa, yakikatika unachota. Kapasita ni pipa la umeme. Ndani yake mna majimaji. Miaka ikipita na joto likizidi, majimaji yanakauka au yanavuja, na taa haipati umeme uliotulia."

Lakini maandishi yaliyo juu ya vikopo ni madogo kama miguu ya sisimizi, na hapo macho ya Babu yaligoma. Akasema, "Mjukuu wangu, nisomee namba."

Mtoto akaanza kwa Kiingereza. Babu akamtazama tu. Akaanza tena: "Arobaini na saba." Babu akaandika. "Kumi." Babu akaandika. "Mia mbili na mbili." Babu akaweka kalamu chini. "Hakuna kapasita ya namba hiyo. Soma tena." Mtoto akainama, akasoma taratibu: "Mia mbili na... ishirini." "Naam!" akasema Babu. "Sasa umesoma."

Nimefundisha hesabu za Kiswahili ubaoni miaka sita. Wanafunzi wangu huniimbia namba hadi mia bila kukosea, kisha wanafunga daftari. Siku ile ndipo nilipomwona mwanafunzi akihangaika na namba kwa sababu kuna kitu kitaharibika akikosea. Babu alimfundisha na kanuni: kipimo kiwe kilekile, volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue, na tununue zinazostahimili joto la digrii 105, siyo 85, maana gari la Houston linachemka. Kapasita zilikuwa saba. Zote hazikufika dola 15.

Zilichukua wiki moja kufika. Katikati ya wiki ile mama yake alinipigia simu. Mtoto alikuwa amemuuliza Babu alijifunza wapi ufundi. Babu akasimulia alivyoanza akiwa mdogo kama yeye, akifagia duka la fundi redio pale Ngamiani, barabara ya 12, na alivyokaa mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika chuma cha kulehemu. Mama alisema, "Mwalimu, mimi ni binti yake na sikuwahi kuyasikia hayo."

Jumamosi ya pili tukaketi tena. Chuma kilipogusa kapasita ya kwanza ilitoka harufu, na mtoto akaziba pua. Babu akacheka. "Hiyo ni shombo. Kapasita iliyovuja hunuka shombo." Mtoto hakulijua neno. Nikamwambia shombo ni ile harufu ya samaki mbichi inayobaki mikononi. Sasa analijua, na sidhani atalisahau.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kusafisha bodi kwa spiriti na pamba, jambo ambalo wauguzi tunaliweza. Majimaji yalikuwa yamekula njia moja ya shaba mpaka ikakatika. Babu akaiunga kwa unywele wa waya. Kwa kila kapasita mpya mjukuu alitafuta mstari wa ubavuni unaoonyesha upande wa hasi, akautaja kwa sauti, Babu akalehemu. Ukigeuza pande inaweza kupasuka, kwa hiyo hakuna aliyefanya haraka. Mbili za mwisho Babu alimpa mtoto azilehemu mwenyewe. Mikono ya mtoto ilitetemeka. Babu aliishika kwa nyuma, bila kusema neno.

Tukarudisha dashibodi, tukafunga betri, nikawasha. Mshale wa spidi ukawaka, na wa mafuta pia. Nimekwenda nalo kazini miezi mitatu sasa.

Babu bado anasema atarudi Tanga, na huenda akarudi. Ana kaburi la mkewe kule na rafiki zake wa barazani. Sitaki kuwadanganya kwamba kapasita saba zimemaliza upweke wa mzee. Ila sasa akitoka sebuleni huwa anaitwa. Mjukuu amepata redio ya zamani kwenye duka la mitumba, na wameifungua juu ya meza ileile.

Wazazi, wengi wenu mnaniuliza mfanyeje watoto wazungumze Kiswahili nyumbani. Mnawaambia, "Sema Kiswahili," kisha mtoto hana la kusema. Mpeni kazi ambayo bila yeye haifanyiki, pamoja na mtu asiyejua Kiingereza: kusoma vipimo vya dawa za bibi, kukata kitambaa, kukuna nazi, kufungua feni mbovu. Maneno yatafuata kazi. Vya umeme visiguswe bila mtu mzima anayevijua, na kwanza vichomolewe ukutani.

Wanafunzi, kazi ya nyumbani ni hii: mwulize mzee mmoja wa kwenu alijifunza kazi gani alipokuwa mdogo, na nani alimfundisha. Nileteeni maneno matano mliyokuwa hamyajui. Shombo halihesabiwi, hilo tayari lina mwenyewe.